Mkono wa Sista

Siku ile kifaa kilipofungwa mkononi mwa mama yake, Fundi alitaka kukataa, ila alikosa sababu inayoweza kutamkwa mbele za watu.

Kilikuwa kitu kidogo cheusi, mfano wa saa ya mkononi iliyokosa uso. Hakikuwa na namba wala mishale, ni mkanda wa mpira tu na kibonge cha plastiki. Daktari wa kliniki ya wazee, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alikizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa mama, akakaza, kisha akalegeza kidogo.

"Hiki atakivaa siku kumi na nne," alisema. "Asikivue hata akioga."

"Kinapiga picha?" Fundi aliuliza.

"Hapana."

"Kinasikiliza watu wanavyoongea?"

Dada yake, aliyekaa kiti cha pembeni akiwa amepakata mkoba, alimgeukia. "Wewe nawe una siri gani ya kusikilizwa?"

Daktari alicheka. "Hakisikilizi. Kinajua mambo mawili tu: mkono unatikisika au umetulia, na mtu anatembea au hatembei. Basi. Mengine utaniandikia wewe." Akampa Fundi daftari lililopigwa mistari, kila ukurasa siku moja, kila mstari saa moja. "Kila saa uandike mama alikuwa anafanya nini. Anakula, anatembea, anapiga kelele, amelala. Maneno mawili yanatosha."

Fundi alishusha pumzi. Mkono uliofungwa, aliwaza, ni mkono uliotulia.

Mama mwenyewe alikuwa akikikagua kile kifaa kwa jicho la kikazi. Mtaa mzima ulimwita Sista. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na kumi na tisa ya mwisho alikuwa mkuu wa wadi ya wagonjwa wa akili. Wadi ilikwisha kubadilisha wakuu watatu tangu astaafu, lakini yeye, mwaka wa pili sasa tangu ugonjwa wa kusahau umshike, alikuwa amerudi kazini. Alimwonyesha daktari mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mgonjwa huyu ameandikiwa nini?"

"Uangalizi tu, Sista," daktari alijibu bila kusita.

"Vizuri. Wengi wenu mnakimbilia sindano."

Na sindano, au kidonge chenye nguvu ya sindano, ndiyo hasa iliyowaleta. Kila siku ikifika saa kumi jioni, Sista alikuwa hashikiki. Alitembea chumba hadi chumba, akatikisa milango, akawaita kwa sauti wagonjwa waliokwisha kufa zamani, akamsukuma yeyote aliyesimama njiani. Wiki mbili nyuma alimpiga jirani kofi kwa sababu hakuvaa kofia ya kazi. Dada aliomba ruhusa ofisini, akaja akasema: twende, wampe kitu cha kumtuliza.

"Dawa ipo," daktari alikuwa ameshawaambia. "Lakini humlegeza mtu akaanguka, akavunjika nyonga, na hapo ndio mwanzo wa mengine. Kabla sijaandika, nataka nijue ghasia hizi huanza saa ngapi, na nini kinazianzisha."

Fundi aliitikia kwa kichwa, na daftari akalikunja likaingia mfukoni.

&nbsp;

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa karakana yake ya kushona. Cha kati alilala yeye. Cha nyuma kilikuwa cha Sista, chenye dirisha dogo la nondo lililotazama ukuta wa jirani, na katikati yake kiti cha mbao chenye mikono.

Vitambaa vya kumfungia mama kwenye kiti hicho alivishona mwenyewe. Alikata flana laini, akaikunja mara mbili, akaficha pindo ndani ili uzi usikwaruze ngozi, na ule mshono ulitoka mzuri kuliko wa sketi yoyote ya shule aliyowahi kushona. Hilo lilimkera kila alipovishika. Mtu anayefanya jambo la kuona haya angalau alifanye ovyo.

Alianza miezi minne nyuma, siku alipokuwa akimpima mteja kiuno na Sista akatoka kwa mlango wa uani. Walimkuta kwenye barabara kuu, katikati ya malori, amenyoosha mkono kuyasimamisha ili wagonjwa wake wavuke. Dereva mmoja alimrudisha hadi mlangoni, akamsema Fundi mbele ya wateja watatu na nusu ya mtaa: "Kama mama yako umemchoka, sema. Usimtume kwenye matairi yetu." Jioni ileile Fundi alikata flana. Mwanzo alimfunga kiuno tu. Lakini mafundo yalikuwa kazi ya Sista tangu ujana. Aliyafungua akiwa anaongea mambo mengine. Ndipo Fundi akahamia kwenye mikono.

Asubuhi ya kwanza ya kifaa, saa tatu kamili, alimkalisha kitini kama kawaida. Alikuwa na sketi sitini za shule za kumaliza na muhula ulikuwa mlangoni. Alipitisha kitambaa cha kushoto nyuma kidogo ya ule mkanda mweusi, akafunga.

"Umekaza," Sista alisema.

"Pole, Mama."

"Vidole viwili vipite kati ya kitambaa na ngozi. Pitisha vyako." Fundi alipitisha. Havikuingia. Alifungua, akafunga tena, akapitisha. "Hapo sawa. Damu lazima ifike kwenye kucha. Na umwambie mgonjwa unachofanya, hata kama unadhani haelewi."

"Mama, nakufunga kidogo. Nimalize sketi."

"Usimwite mama. Hapa si nyumbani kwako. Mwite kwa jina lake."

Fundi hakuwahi maishani kumwita mama yake kwa jina. Alijaribu, ulimi ukagoma, akainama kwenye fundo la mkono wa pili kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Maagizo ya kumfunga ametoa nani?" Sista aliuliza.

"Daktari."

"Ameandika?"

"Ameandika, Sista."

"Basi kila nusu saa umfungue, umnyooshe, umpe maji. Ukisahau nitajua."

Alitoka, akaurudisha mlango, akaketi kwenye cherehani, akafungulia redio. Kila nusu saa alisikia maneno yale kichwani, na kila nusu saa kulikuwa na pindo lililobaki kidogo tu kumalizika. Saa tano alikwenda mara moja na kikombe cha maji. Saa saba alimfungua, akamsugua vifundo kwa mafuta, akampa chakula. Kisha akatoa daftari. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Saa tatu hadi saa saba, akaandika: *amelala*.

&nbsp;

Siku ya tano, mwalimu msaidizi wa shule iliyoagiza zile sketi alikuja kuzikagua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na alipenda kuvuta mishono kwa vidole kuona kama inaachia. Alikuwa amefika sketi ya saba wakati sauti ilipotoka nyuma, kupita milango miwili, nyembamba na yenye adabu.

"Nesi! Nesi wa zamu!"

Mwalimu aliinua kichwa. "Una mgonjwa ndani?"

"Redio hiyo," Fundi alisema.

Redio ilikuwa ikisoma bei za mahindi. Mwalimu aliitazama redio, akamtazama Fundi, akaitazama tena redio.

"Nesi! Mgonjwa wa kiti anaomba kwenda haja!"

"Mchezo wa redio," Fundi alisema, na alipoona yule mwalimu hajaondoa macho, aliongeza jambo ambalo baadaye lingemwamsha usingizini kuliko mengine yote. Alicheka. "Siku hizi wanaigiza vizuri kweli."

Mwalimu aliikunja ile sketi taratibu. Alisema atatuma mtu azichukue zikiwa tayari, na hakukaa amalize soda aliyonunuliwa. Fundi alipofika nyuma, Sista alikuwa ameshalowa. Alikuwa ametazama ukuta kwa heshima zake zote, kama mkubwa anayengoja mdogo atambue kosa.

"Nilikuita kwa niaba yake," alimwambia. "Yeye anaona aibu."

Jioni ile alitikisa mlango wa mbele hadi bawaba moja ikang'oka. Yule jirani aliyewahi kupigwa kofi alipiga ukuta na kusema watu wengine wanaamka alfajiri kwenda kazini.

&nbsp;

Jumamosi Dada alikuja, kama ilivyokuwa desturi yake, kumwogesha mama na kumsuka. Alikaa naye bafuni kwa muda mrefu. Fundi, kwenye cherehani, alisikia maji yakimiminwa, yakakoma, yakamiminwa tena. Alingoja kuitwa. Alikuwa na maneno yake tayari: kifaa ndicho kilichomkwaruza, mkanda wa mpira hauendani na ngozi ya mzee.

Dada alitoka amejifunika taulo begani, na chupa ya mafuta mkononi ikiwa imepungua.

"Ngozi yake imekuwa kavu," alisema.

"Ni hali ya hewa."

"Eh. Hali ya hewa."

Wakanywa chai. Waliongea habari za bawaba.

Jumapili Fundi hakushona, kwa hiyo hakufunga. Walikaa uani. Sista alitembea kutoka bombani hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena, na Fundi akamfuata nyuma hatua mbili. Walianua nguo kwenye kamba, Sista akazikunja zote kona kwa kona kama shuka za hospitali, hadi soksi. Alikula. Alisinzia kidogo kivulini. Jioni ilipoingia alimwambia Fundi kwamba wadi imetulia leo, akaingia kitandani kwa miguu yake. Fundi aliandika ukurasa mzima kwa raha, maneno mengi kuliko mistari, na hakujiuliza kitu.

Jumatatu saa tatu kamili, alichukua vitambaa.

&nbsp;

Waliporudi kliniki, daktari alikivua kile kifaa, akakiunga kwenye kompyuta kwa waya mfupi, wakangoja. Sista aliwekwa kiti cha karibu na dirisha. Alipewa furushi la bendeji, akaanza kuzizungusha upya moja moja, zikitoka mkononi mwake zimekaza kama zilivyotoka kiwandani.

"Haya," daktari alisema, akaigeuza kompyuta wote waone. "Kila mstari ni siku moja, kutoka asubuhi hadi asubuhi. Vijiti hivi vya juu ni mkono ukitikisika. Hivi vya chini ni hatua za miguu. Tuanze na Jumapili."

Jumapili ilikuwa na vijiti vya huku na huku, virefu na vifupi, na chini yake hatua. Adhuhuri palikuwa na pengo. Jioni vilipungua. Usiku ulikuwa mweupe.

"Hii ni siku ya kawaida," daktari alisema. "Na Jumapili ya pili ni hivyohivyo. Jumamosi zote mbili siyo mbaya. Sasa tazameni siku za kazi."

Hakuhitaji kuwaonyesha. Kuanzia saa tatu hadi saa saba vijiti vilisimama vimebanana kama meno ya kitana, siku kumi, mstari chini ya mstari, na chini yake hapakuwa na hatua hata moja. Kisha, kuanzia saa kumi jioni, hatua zilifumuka zikajaa hadi usiku wa manane.

Daktari alifungua daftari la Fundi. "Hapa umeandika amelala."

"Ndiyo."

"Na hapa. Na hapa. Siku kumi amelala muda uleule, na ni kweli miguu haikugusa chini. Lakini mkono ulikuwa kazini. Siku ya tisa haukupumzika hata dakika tano, kwa saa nne." Sauti yake haikupanda. "Kifaa hiki hakijui kwa nini. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Alikuwa anafanya nini?"

Fundi alitazama vile vijiti. Aliwahi kudhani kwamba akishafunga mlango, upande wa pili hapatokei kitu. Kwamba mama yake hukaa pale kama cherehani lililofunikwa, mpaka mtu aje. Na sasa kila dakika ilikuwa imesimama mbele yake, kijiti kwa kijiti, na hakuna hata kimoja kilichokosa.

"Labda alikuwa anafukuza nzi," alisema.

Dada aliinamisha kichwa.

"Saa nne?" daktari aliuliza.

Kwenye dirisha bendeji iliacha kuzunguka.

"Nesi," Sista alisema. Hakuwa amegeuka. "Daktari akiuliza habari za mgonjwa, unajibu."

"Nilimfunga," Fundi alisema.

Alisema mengine pia, maana maneno yakishafunguliwa hayachagui: malori, dereva, sketi sitini, flana laini, vidole viwili, mafuta. Alisema habari za redio. Daktari alimwacha amalize. Kisha akavuta karatasi iliyokuwa chini ya kibodi, imeshajazwa na kutiwa saini, akaichana vipande vinne.

"Hii ni dawa mliyoiomba. Nilikuwa nimeiandika tangu jana, kabla sijayaona haya." Aliviweka vile vipande kwenye kopo. "Mlikuja nimtulize jioni. Jioni anatembea tu zile saa alizonyimwa asubuhi. Ningempa dawa, angeanguka, na wewe ungeendelea kumfunga ili asianguke. Mngekuja tena hapa mkalia, na mimi ningewapa pole."

"Utaniandika?" Fundi aliuliza. "Polisi?"

"Nitaandika kwenye faili kilichotokea. Na baada ya wiki mbili mtarudi, nikivue tena kifaa hiki, nione." Alikizungusha upya kwenye mkono wa Sista, juu ya ule ukanda wa ngozi iliyopauka ambao sasa wote waliuona. "Dawa sina ya kuwapa leo. Nina swali. Asubuhi za siku za kazi, ni nani mwingine yupo?"

Fundi na dada yake walikaa kama watoto walioulizwa nani kavunja chungu.

&nbsp;

Nje, kwenye benchi la korido, Sista alikaa katikati yao. Mtu wa usafi alipita na ndoo, akampa shikamoo, akaitikiwa kwa ukubwa unaostahili.

"Nilijua," Dada alisema.

Fundi hakugeuka.

"Tangu mwezi wa pili. Kila Jumamosi naiona ile alama, naipaka mafuta. Wiki ile nyingine ilikuwa na malengelenge. Nikayapasua kwa sindano, nikapaka."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenijibu, mdogo wangu. Nakujua, hujui kusema uongo." Alicheka kidogo, cheko baya. "Ukishanijibu, ningeweza kurudi nyumbani nikamwacha pale? Ingebidi nimchukue. Nilipiga hesabu ya nyumba yangu, ya kazi yangu, ya mume wangu ambaye hata paka hamtaki. Nikaona heri niseme ngozi yake ni kavu."

"Mimi nilidhani hujui."

"Ndivyo nilivyotaka udhani. Wewe ubaki mbaya, mimi niendelee kuleta sabuni."

Sista aliupeleka mkono wake mmoja kwenye goti la binti yake na mwingine kwenye goti la mwanawe, akayapiga kidogo, vile mtu anavyowatuliza watu wanaongoja habari za mgonjwa.

"Ndugu," aliwaambia, "ongeeni polepole. Kuna watu wamelala humu ndani."

&nbsp;

Sista hakupona, na asitokee mtu akasema alipona. Ugonjwa ule uliendelea kumla kama kawaida yake. Lakini Dada alikwenda kwa bosi wake, akajieleza akiwa amesimama kama mtoto wa shule, akakubaliwa kubadilisha siku. Jumatano na Ijumaa akawa anamchukua mama asubuhi, na mume akajifunza kuitikia anapoitwa "wodiboi", mhudumu wa wadi. Siku tatu zilizobaki Fundi alishona alfajiri kabla mama hajaamka. Ikifika saa tatu alifunika cherehani, akamvisha viatu, wakatoka kutembea. Mwalimu msaidizi alichukua sketi thelathini na tisa zilizokuwa tayari, na zilizobaki akazipeleka kwa fundi mwingine. Hakutoa sababu, na Fundi hakuiuliza.

Waliporudi kliniki vijiti vilikuwa vimetawanyika. Jioni bado zilikuwa na fujo, ila fujo za saa moja, tena si kila siku. Daktari alisema vizuri. Fundi alilisikia neno hilo na halikumshuka tumboni.

Maana nyumba haikuwa imenyamaza kwake. Akikanyaga cherehani alfajiri, ndani ya mlio wa sindano alisikia *nesi, nesi, nesi*, kwa kasi ileile ya mshono. Akasimamisha gurudumu, akasikiliza. Kimya. Sista alikuwa amelala, pumzi zake zinasikika. Akakanyaga tena, sauti ikarudi. Alitia mafuta, akabadilisha mkanda, akahamisha cherehani upande wa pili wa chumba. Hata siku za Dada, mama akiwa mbali mtaa wa tatu, alisimamisha gurudumu na kwenda hadi chumba cha nyuma, akausukuma mlango, akatazama. Kiti alikuwa amekitoa. Pale kilipokuwa, sakafu ilikuwa na mikwaruzo minne, na hakuwahi kujua kwamba kilikuwa kikisogea.

Asubuhi moja ya Alhamisi walikuwa wameshapita kituo cha mafuta na duka la vyuma. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Sista alitembea mbele kwa mwendo wa kukagua, akiwapa watu salamu, na Fundi nyuma yake hatua mbili. Usiku uliopita hakulala. Usiku wa kabla ya huo pia. Walipofika kwenye ngazi za jengo moja lililofungwa, Sista alisimama ghafla, akageuka, akamtazama usoni kwa muda.

"Kaa chini," alisema.

"Sijachoka, Mama. Twende."

"Nimesema kaa."

Alikaa kwenye ngazi. Sista aliinama, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akakiinua kifaa chake kisicho na uso mbele ya macho, na midomo yake ikaanza kuhesabu. Vidole vilikuwa vikavu na vya moto. Fundi aliona, karibu kabisa na jicho lake, ngozi ya mkono wa mama, pale ilipopauka kisha ikaota upya, ikawa na mng'ao kama karatasi ya nailoni. Alitaka kusema jambo. Alifungua mdomo, na badala ya jambo kikatoka kilio, kilio cha mwanaume mzima kwenye barabara ya watu, mabega yakimruka, kamasi zikimtoka, asiweze kukizuia.

Sista hakuuachia mkono. Alihesabu hadi mwisho.

Mwanamke mmoja aliyebeba mboga alipunguza mwendo. "Kuna nini, Sista? Huyu ana nini?"

"Mapigo yanakwenda mbio," Sista alisema. "Huyu amekaa zamu peke yake muda mrefu sana. Kosa ni letu." Akamwinamia Fundi, akapunguza sauti ili wapita njia wasisikie. "Kijana, una ndugu?"

"Ninao," Fundi alisema.

"Mama yupo?"

Alimtazama. Macho yale yalimtazama naye, mapole, ya mtu asiyemjua.

"Yupo," alisema.

"Basi aitwe mama yake," Sista alimwambia yule mwanamke wa mboga. "Hali kama hii, aitwe mama yake aje."

Akajinyoosha, akakaza kilemba chake, akasimama mbele ya mwanawe kumkinga na jua, akitazama upande wa juu wa barabara ambako watu walikuwa wakija, akimngoja huyo mama afike.